Filamu, ngazi ya mawe au jiwe moja la uji: ulinganisho wa njia za kunoa wembe wa kukunja

Maji ndiyo yaliyonifundisha kunoa wembe, kabla ya jiwe lolote lenye jina. Laza wembe wa kukunja juu ya jiwe lililolowa, mgongo na makali vyote viguse, kisha usukume polepole makali yakitangulia. Tazama maji yaliyo mbele ya makali. Ikiwa makali hayajalala sawasawa, maji hupita chini ya wembe kana kwamba hakuna kilichopita. Yakishalala, maji hayana pa kupenya: hukunjamana mbele ya wembe na kupanda juu ya ubapa kama utando mwembamba, kuanzia kisigino, yaani mwisho wa makali ulio karibu na mpini, mpaka kwenye ncha. Siku nilipoyaona hayo kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeshabadilisha mawe matatu, nikiamini kosa lilikuwa la jiwe.

Nimeanza na hilo kwa sababu swali ninaloulizwa kuliko yote ni "nichukue jiwe gani?", na mara nyingi anayeuliza hana shida ya jiwe. Ana wembe ambao miteremko yake miwili, yaani nyuso mbili nyembamba zinazoshuka kuunda makali, haijakutana. Njia zote nitakazozilinganisha hapa, yaani ngazi ya mawe ya kutengenezwa, filamu za kung'arishia na jiwe moja la asili lenye uji, zinaweza kukupa makali ya kunyoa ndevu bila kuvuta. Zinatofautiana katika mambo mawili: zinakusamehe kiasi gani unapokosea, na zinakuonyesha kosa mapema kiasi gani. Mimi huchagulia hapo.

Kwanza mteremko, ndipo njia

Wembe wa kukunja umebeba kipimo chake wenyewe. Hukisii pembe kama unaponoa kisu cha jikoni. Ukishaulaza mgongo juu ya jiwe, pembe imeshapangwa na fundi aliyeuchonga. Chukua wembe wenye upana wa milimita 16 kutoka mgongoni hadi kwenye makali, na mgongo wenye unene wa milimita 4.5. Pembe ya pande zote mbili kwa pamoja ni kama digrii 16, na nyembe nyingi huwa karibu na hapo. Tena mgongo nao husagika kidogo kila unaponoa. Upana ukipungua, unene nao unapungua, na pembe inabaki karibu ileile miaka nenda rudi. Hesabu hii ya mafundi wa zamani hunifurahisha kila ninapoikumbuka.

Kinachotakiwa ni miteremko miwili, mmoja kila upande, ikutane kwenye mstari mmoja bila kuacha hata uzi wa ubapa katikati. Kazi hiyo hufanywa na jiwe la namba 1000 (namba ikipanda, chembe za jiwe ni ndogo zaidi), nayo ndiyo kubwa kuliko zote zinazofuata. Wembe mpya, au wa zamani uliolala kabatini miaka, unaweza kukumaliza nusu saa au zaidi hapa. Usiharakishe. Mawe laini ya baadaye hayana nguvu ya kukutanisha kisichokutana. Yatakachofanya ni kuking'arisha.

Kabla ya mpigo wa kwanza, yaani kuupitisha wembe mara moja juu ya jiwe, paka wino mweusi usiofutika kwa maji kwenye mteremko wote, pande zote mbili. Piga mipigo mitano bila kukandamiza, kisha chukua kioo cha kukuzia, kama ile lenzi ya sonara. Palipobaki weusi, jiwe halijafika.

Wembe wangu wa kwanza wa zamani ulinishinda wiki mbili. Katikati ulikata malaika ya mkononi, nchani ulikata, lakini sentimita moja ya mwisho karibu na kisigino haikukata kitu. Nikaongeza nguvu. Nikaongeza tena. Wino ndio ulioniambia ukweli: weusi uling'ang'ania palepale kila nilipopaka, na nilipougeuza wembe nikaona mkwaruzo mpya unaong'aa kwenye bega, ile sehemu nene inayounganisha ubapa na shingo. Bega lilikuwa limepanda juu ya jiwe na kuyanyanyua makali. Nguvu zangu zote zilikuwa zinanoa bega. Dawa yake ikawa kuusogeza wembe kidogo, bega libaki nje ya ukingo wa jiwe, na kuulaza mshazari kisigino kikitangulia. Baada ya dakika kumi weusi ulikuwa umeondoka. Alama ya mgongo uliolika kwa nguvu zile ipo mpaka leo, na kila nikiushika wembe ule kidole changu huipata.

Utajuaje kwamba miteremko imekutana? Wembe unaotoka kwenye 1000 unapaswa kunyoa malaika ya mkononi ukiugusisha juu ya ngozi bila kukandamiza, na unyoe hivyo kwa urefu wake wote, kisigino, katikati na ncha. Ukinyoa katikati tu, rudi. Chini ya lenzi, elekeza makali kwenye taa ukiyatazama kutoka juu kabisa: makali yaliyokutana hayaakisi mwanga. Ukiona nukta au kistari kinachometa, pale bado pana ubapa.

Ngazi ya mawe ya kutengenezwa

Hii ndiyo njia inayofuatwa na wengi: jiwe la 1000, kisha 4000 au 5000, kisha 8000, na wengine humalizia na 12000. Kwa kipimo cha Kijapani, chembe za namba 1000 zina ukubwa wa maikroni 11.5 hivi, za 4000 maikroni 3, na za 8000 maikroni 1.2. Maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kila jiwe lina kazi moja tu: kufuta mikwaruzo ya jiwe lililotangulia na kuacha ya kwake iliyo mifupi zaidi. Utakutana na majina kama Norton yenye pande mbili za 4000 na 8000, Naniwa ya 12000, na mawe ya Shapton ambayo hunyunyiziwa maji tu bila kulowekwa.

Uzuri wake ni uaminifu. Jiwe la kutengenezwa la leo linakata kama la jana, na la rafiki yako linakata kama lako. Ukikosea, unaweza kusimama kwenye jiwe ulilopo, ukachukua lenzi na kuuliza swali moja: mikwaruzo ya jiwe la kabla imekwisha? Ikiwa haijaisha, unaendelea. Hakuna kukisia. Kwa mtu anayetaka kuelewa kinachotokea kwenye chuma, sijui shule nzuri kuliko hii.

Taabu yake ni mawe yenyewe. Ni mengi, na kila moja linataka kuwa tambarare kama kioo. Mawe laini hubonyea katikati upesi, na wembe ukilala juu ya bonde, makali ya katikati hayagusi ilhali kisigino na ncha vinaliwa. Chora miraba kwa penseli juu ya uso wote wa jiwe, usugue kwa bamba la almasi chini ya maji mpaka mistari yote iondoke. Mistari ikiondoka pembeni na kubaki katikati, hapo ndipo bonde lilipo. Fanya hivyo mara kwa mara. Jiwe jipya nalo hufanyiwa hivyo kabla ya kuguswa na wembe, na pembe zake kali zipigwe msasa kidogo zisije zikaumega wembe.

Kosa linalojirudia kwenye ngazi hii ni kupanda haraka. Mtu anapiga mipigo 20 kwenye kila jiwe kwa sababu ameambiwa 20, anafika 12000, wembe unang'aa kama kioo na ndevu zinalia. Mng'ao ni wa mteremko. Ndevu hukatwa na mstari wa mwisho kabisa, ambao macho hayauoni. Idadi ya mipigo hutegemea chuma, upana wa mteremko na mkono wako. Mimi nimeacha kuhesabu kwenye 1000 na 4000 kabisa.

Filamu juu ya kioo

Filamu ni karatasi nyembamba ya plastiki iliyopakwa chembe za kusagia za ukubwa mmoja. Zipo za maikroni 12, 9, 5, 3, 1 na 0.3, na zinazojulikana zaidi ni za 3M. Unalowesha kipande cha kioo kinene au akriliki, unalaza filamu juu yake, unakamua maji kwa kiganja, nayo inashika yenyewe. Umepata uso tambarare bila kusugua jiwe hata mara moja.

Hapo ndipo filamu inapoyashinda mawe, hasa kwa mwenye wembe mmoja au miwili. Ukiyafanya mawe kuwa tambarare vibaya, unanoa vibaya bila kujua kwa nini. Filamu inakuondolea chanzo hicho cha makosa, na kwa anayeanza hilo ni jambo kubwa. Akikosea, anajua kosa ni la mkono au la wembe. Nimewaona watu wawili waliokaribia kukata tamaa kwenye mawe wakapata makali mazuri siku ya kwanza ya filamu, na kilichobadilika ni uso uliokuwa chini ya wembe tu.

Ina masharti yake. Punje moja ya vumbi ikinaswa kati ya filamu na kioo huinua kilima kidogo, na kilima kile huonekana kwenye makali kama pengo. Pitisha ncha ya kidole juu ya filamu kabla ya kila hatua. Kidole huhisi kilima ambacho jicho halioni. Filamu haistahimili nguvu: wembe ukiinama kidogo, makali yanaichana, na filamu iliyochanika ni ya kutupa. Tena huchakaa. Jiwe linaweza kukufaa maisha yako yote, filamu utaibadilisha mara nyingi. Mwenye nyembe kumi ataona filamu zikimwishia kila mara, na hapo ngazi ya mawe huanza kuwa na faida.

Kuhusu ngozi: makali ya filamu ya maikroni 1 ni makali kwelikweli, ila wapo wenye ngozi nyepesi wanaoyaona makavu, yaani yanakata vizuri lakini uso unawaka baadaye. Ukiweka karatasi ya kawaida iliyolowa chini ya filamu ya mwisho, uso unapata ulaini kidogo na makali yanatulia. Mimi hufanya hivyo kwenye filamu ya mwisho pekee, mipigo 10 ya kwenda na kurudi, uzito wa wembe wenyewe tu.

Kwa kazi ya kukutanisha miteremko, filamu ya maikroni 12 inaweza, ila inachosha. Wembe ulioharibika, wenye mapengo yanayoonekana kwa macho, unataka jiwe la 1000. Kwa hiyo wengi wetu huishia na mchanganyiko: jiwe moja la 1000 la kukutanishia, kisha filamu mpaka mwisho. Ukiniuliza leo uanze na nini, nitakutajia mchanganyiko huo bila kusita.

Jiwe moja na uji wake

Sasa tuje kwenye njia ninayoipenda kuliko zote, na ambayo simshauri mtu aanze nayo.

Kotikule ni jiwe la rangi ya manjano hafifu linalochimbwa katika milima ya Ardennes nchini Ubelgiji. Ndani yake mna vijipunje vya madini ya ganeti, na umbo la vijipunje hivyo ni la nyuso nyingi zenye pembe butu, karibu na mviringo. Kwa hiyo hata kijipunje kikiwa kikubwa, mkwaruzo kinaouacha ni wa kina kifupi. Ukisugua juu ya jiwe kipande kidogo cha jiwe lilelile pamoja na matone ya maji, unapata uji mweupe kama maziwa. Ganeti zilizomo kwenye uji ziko huru, zinajiviringisha, na zinakata upesi. Baada ya mipigo michache uji unageuka kijivu: hicho ni chuma chako kinachotoka.

Uji uleule unaokata upesi ndio unaozuia makali yasifike mwisho. Makali yakitangulia ndani ya uji mzito, yanagongana na punje zilizo huru na ncha yake hubutuka kidogo kila mpigo. Ujuzi wa jiwe hili upo katika kuuzimua. Unaanza na uji mzito mpaka miteremko ikutane, kisha unaongeza tone moja au mawili ya maji, unapiga mipigo kadhaa, unaongeza tena, mpaka unafika kwenye maji matupu. Ukizimua haraka mno, uji unakosa nguvu kabla makali hayajawa tayari, na maji matupu kwenye kotikule hukata polepole sana kuyafikisha. Ukichelewa, unabaki kwenye butu lilelile. Mlango ni mwembamba, na kila jiwe lina mlango wake, kwa sababu hakuna mawili yaliyotoka ardhini sawa.

Mkono husaidia hapa kuliko macho. Kwenye uji mzito wembe huteleza kama juu ya sabuni. Kadiri uji unavyopungua na miteremko inavyolainika, wembe huanza kushikwa na jiwe, kama unapojaribu kutelezesha vipande viwili vya kioo vilivyolowa. Mshiko huo ukisikika sawa kuanzia kisigino mpaka ncha, makali yako karibu. Sijapata namna ya kuueleza mshiko huu ukaeleweka kabla mtu hajauhisi mwenyewe.

Ipo njia fupi ya kuukwepa mlango huo mwembamba. Unoe kwa uji mpaka miteremko ikutane, kisha bandika tabaka moja la tepu ya umeme kwenye mgongo. Wembe sasa umeinuka kidogo, na mipigo 20 au 30 kwenye uji mwepesi na kisha maji matupu inachonga kimteremko kidogo kipya mwisho kabisa wa makali. Kwa kuwa kimteremko hicho ni chembamba sana, jiwe linalokata polepole linakimaliza bila shida. Mwenye kotikule na haraka, hii ndiyo njia yake.

Thamani ya jiwe hili huonekana usoni. Makali yake si makali kuliko yote. 12000 na filamu ya 0.3 huyashinda kwa kukata unywele ulioning'inizwa hewani. Lakini usoni ni laini, hasa shingoni ambako ndevu hulala pande zote na wembe hupita mara ya pili na ya tatu. Mwenye ngozi inayotoa vipele baada ya kunyoa na alipe jambo hili uzito.

Mawe mengine ya asili nitayapitia kwa haraka. Slate laini za Thuringia nchini Ujerumani, zilizokuwa zikiuzwa kwa jina la Escher, ni za kumalizia tu na zinapendwa kwa sababu ni rahisi kuzitumia. Mawe ya milima ya Kyoto hutumiwa na vijiwe vya kusugulia uji, viitwavyo nagura, kutoka Mikawa, kwa mpango wa hatua: botan, tenjo, mejiro, koma. Ni ulimwengu mzima unaojitegemea, na anayeuingia anapaswa kuwa tayari ameshajua makali mazuri yakoje, ili ajue jiwe lake linafanya nini.

Mkanda wenye dawa hauko kwenye mashindano haya

Watu huuweka mkanda wa ngozi wa kupitishia wembe, ukiwa umepakwa dawa ya chembe laini za kusagia, katika orodha moja na mawe. Mimi siuweki. Oksidi ya kromi ya kijani, yenye chembe za karibu nusu maikroni, au almasi ya 0.25, hurudisha makali yaliyochoka, haikutanishi kitu. Ngozi hubonyea chini ya wembe na kujikunja kidogo kwenye ncha ya makali, kwa hiyo kila unapourudia mkanda wa dawa unaiviringisha ncha hiyo kidogo. Mara ya kwanza unapata raha kubwa, mara ya tatu pia, lakini safari zikiwa nyingi utafika mahali mkanda hausaidii tena na jiwe lazima lirudi. Ukibandika dawa kwenye ubao tambarare wa balsa, mti mwepesi na laini, badala ya ngozi, kuviringika huko kunapungua.

Tumia mkanda wa dawa mipigo kama 10, mgongo ukitangulia, unapohisi wembe umeanza kuvuta. Usiipake dawa kwenye mkanda wako wa kila siku. Ule wa kila siku ni kitambaa mipigo 20 au 30, kisha ngozi tupu 50 au 60, kila mara kabla ya kunyoa, na ukigeuza wembe uugeuze juu ya mgongo wake, kamwe si juu ya makali.

Mpigo gani juu ya jiwe

Chochote utakachochagua, kuna mpigo wa X: unaanza na kisigino kwenye mwisho mmoja wa jiwe na kumaliza na ncha kwenye mwisho mwingine, wembe ukisafiri mshazari. Jiwe mara nyingi ni jembamba kuliko urefu wa wembe, na mpigo huu huhakikisha kila sehemu ya makali inapita mahali palepale pa jiwe. Pia hupunguza madhara ya jiwe lisilo tambarare sawasawa. Anayepiga moja kwa moja bila mshazari, mwaka hadi mwaka, hujikuta na makali yaliyobonyea katikati kama uso ulionuna, na kuyarudisha ni kuondoa chuma kingi.

Mipigo nusu, kwenda na kurudi bila kugeuza wembe, 20 upande mmoja na 20 upande mwingine, ni ya haraka zaidi kwenye 1000. Vivyo hivyo miduara midogo. Naitumia yote miwili kwenye kazi ya kukutanisha, kwa sababu X peke yake ingechukua saa nzima. Lakini hukusanya chuma chembamba kinachojikunja upande wa pili, kwa hiyo kila mara malizia na X za kubadilishana pande, moja huku moja kule, ukipunguza uzito wa mkono mpaka usibaki.

Wembe wenye makali yaliyopinda nje kama tabasamu hauna hiari: lazima X yenye kuviringisha kiwiko, ukiinua kisigino taratibu kadiri unavyoelekea nchani. Ukiulaza kama wa kawaida, unanoa katikati pekee.

Neno kuhusu nguvu. Wembe uliochimbwa sana pande zote mbili, ule unaolia kama kengele ndogo ukiugusa kwa ukucha, una ubapa mwembamba kiasi kwamba kidole kikikandamiza unapinda. Ukipinda, makali yananyanyuka na jiwe linakula nyuma ya makali. Utaona mteremko unaong'aa, na makali hayakati. Wembe mnene wa umbo la kabari husamehe zaidi, ila mteremko wake ni mpana na kazi yake ni ndefu.

Tepu mgongoni au bila tepu

Mabishano ya tepu hayaishi, na hesabu yake ni fupi. Tepu ya umeme yenye unene wa milimita 0.15 ikifunika pande zote mbili za mgongo, inaongeza milimita 0.3. Kwenye wembe wa milimita 16 hiyo ni digrii moja hivi. Pembe inakua kidogo, makali yanakuwa imara kidogo zaidi, na mgongo hauliki.

Mimi sibandiki tepu kwenye wembe wa kawaida, kwa sababu ile hesabu ya mafundi niliyoisema juu, mgongo kusagika pamoja na makali, ndiyo inayouweka wembe kwenye pembe yake. Nabandika katika hali tatu: mgongo una maandishi au dhahabu ambayo mwenyewe anataka ibaki, mgongo umeshalika kupita kiasi na pembe imekuwa nyembamba mno, au nataka kile kimteremko kidogo cha kotikule. Ukianza na tepu, endelea nayo, na ubadilishe kipande kila unapopanda jiwe, kwa sababu tepu nayo inalika na pembe inabadilika chini ya mkono wako.

Sasa chagua

Una wembe mmoja ulionolewa na mtu mwingine na unakata vizuri? Huhitaji jiwe leo. Chukua mkanda mzuri na ubao wa balsa wenye oksidi ya kromi, unyoe nao, ujue makali mazuri yanavyohisi. Maarifa hayo yatakufaa baadaye kuliko jiwe lolote.

Una wembe mmoja au miwili na unataka kunoa mwenyewe? Jiwe la 1000, bamba la almasi la kulinyoosha, kioo kinene na filamu za maikroni 9, 3 na 1.

Unakusanya nyembe za zamani, au unanolea wengine? Ngazi ya mawe, na usipunguze popote kwenye 1000 na 4000. Jiwe la 12000 linaweza kungoja. Wembe uliomalizika vizuri kwenye 8000 na kupigwa mkanda unanyoa.

Unapenda kazi yenyewe, una subira, na ngozi yako ni nyepesi? Kotikule, baada ya kuwa umeshanoa nyembe kadhaa kwa njia nyingine. Wembe wenye ufa kwenye makali, hata wa milimita moja, usiunoe kwa njia yoyote kati ya hizi. Utavunjika juu ya jiwe au juu ya shingo yako.

Kisha nyoa, na usikilize chini ya taya, mahali ndevu ni ngumu na ngozi ni laini. Wembe ukivuta kwa urefu wake wote, rudi kwenye jiwe la katikati, kwa sababu mikwaruzo ya 1000 bado ipo. Ukivuta kisigino tu au ncha tu, rudi kwenye wino. Ukikata vizuri kabisa lakini uso ukawaka, punguza mipigo ya jiwe la mwisho na ongeza ya mkanda. Na ikiwa ulinyoa vizuri siku ya kwanza na siku ya pili wembe umekufa ghafla, ulikuwa na utando wa chuma mwembamba uliosimama juu ya makali ukajifanya makali: pitisha wembe mara moja, kwa uzito wake tu, kwenye ukingo laini wa glasi ili utando uondoke, kisha upige X chache nyepesi kwenye jiwe la mwisho mpaka maji yaanze tena kupanda juu ya ubapa.